Mjukuu Aliyebisha Safina

Mimi ni mtu wa kurekebisha. Nikiona picha imepinda ukutani, hata ukuta wenyewe ukiwa wa ofisi ya serikali, mkono wangu huenda wenyewe. Katika grupu la simu la ushirika wetu hapa Doha, mtu akituma tangazo la msiba lenye makosa, namrekebishia kwanza ndipo natoa pole. Siku niliyobatizwa mtoni kwetu Vihiga, mamangu aliona haya kwa sababu nilimwomba mchungaji asogee kidogo, pale alipokuwa amesimama maji yalikuwa na tope.

Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba nilichomfanyia yule mzee nilikifanya kwa nia njema, kwa mwandiko mzuri, na kwa kalamu nyeusi kama kanuni za kazi zinavyotaka. Hilo halinipunguzii kosa. Nadhani linaniongezea.

Nilikuwa nesi wa nyumbani. Mzee alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu kutoka Ayalandi, amepita miaka themanini, moyo umechoka na kumbukumbu imeanza kutoboka. Binti yake wa pekee, mama mtu mzima anayefundisha katika shule moja ya kimataifa, alikuwa amemleta Doha kuishi naye kwa sababu kule kwao alikuwa amebaki peke yake na jiko la gesi. Tulikaa Al Wukair, katika kompaundi ya vila zilizofanana mpaka mwezi wa kwanza niliwahi kujaribu kufungua mlango wa jirani kwa ufunguo wetu. Binti nilimwita madam. Yeye na babake waliniita sista, kama manesi wote wanavyoitwa huku. Mzee nilimwita Baba, nikamweleza maana yake, akasema neno hilo linatosha, nisiongeze kitu.

Ukimuuliza Baba kama amekunywa chai, hajui. Ukimuuliza majina ya ng'ombe wa mamake, anakupa yote, na yule aliyekuwa akipiga teke anakuonyesha ni mguu gani.

Hadithi ilianza siku ya mvua. Hapa mvua hunyesha siku chache kwa mwaka, na ikinyesha maji hayajui pa kwenda. Barabara hujaa, shule hufungwa, maboza huja kufyonza maji kama mtu anayemaliza supu. Siku hiyo madam alikuwa amekwama shuleni. Baba akaniomba nisogeze kiti chake hadi dirishani. Maji yalikuwa yamepanda hadi kwenye ngazi za vila ya mkabala, na paka mmoja aliyelowa chapachapa alikuwa akilia mbele ya mlango wa watu, akiukwaruza.

"Hawatamfungulia," Baba akasema. "Kama yule binti."

Nikamuuliza binti yupi. Alinitazama kwa mshangao, kana kwamba nimemuuliza jua ni lipi, kisha akasimulia. Nilikuwa nimemsikia akirudia neno moja mara kumi kutafuta la pili. Alasiri hiyo hakutafuta neno hata moja.

Kwao, alisema, hakuna hadithi ya jinsi nchi ilivyoumbwa. Nchi ilikuwepo, imelala baharini, na watu ndio waliokuja, kundi baada ya kundi, nayo ikawa inajitengeneza kadiri watu walivyoishi juu yake. Kundi moja lilipofika lilikuta uwanda mmoja tu na maziwa matatu. Walipokata miti, nyanda zikaongezeka. Walipochimba kaburi la mtu wao wa kwanza, maji yakabubujika humo kaburini, likawa ziwa, na lipo hadi leo. Lakini kabla ya hao wote alikuja mwanamke, na huyo mwanamke alikuwa mjukuu wa mzee wa safina.

Hivyo ndivyo alivyomwita, mzee wa safina. Mamake hakuwahi kumtaja kwa jina, alisema, na alimtaja kwa sauti ya mtu anayemsema jirani aliyeazima jembe asilirudishe.

Mawingu yalipokusanyika, mjukuu huyo alioka mkate, akaufunga katika aproni ungali moto, akaenda kwa babu yake kuomba nafasi. Akabisha. Mzee wa safina akajibu kutoka ndani kwamba pamejaa. Akabisha tena. Mzee akasema hamjui. Akabisha mara ya tatu, na safari hii hakusikia jibu. Alisikia waliomo ndani wakianza kuimba, wakapandisha sauti, wakapandisha tena, ili wasimsikie akibisha. Alisimama pale mpaka mkate ukapoa kwenye tumbo lake. Ndipo alipokwenda kuuliza sanamu la mti, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumuuliza, na sanamu likamwambia atafute nchi ya mwisho wa dunia, ambayo bado hakuna mtu aliyeitendea dhambi, huenda maji yasifike huko. Akaondoka na merikebu tatu. Mbili zikazama. Iliyofika ilikuwa na wanawake hamsini na wanaume watatu. Siku arobaini baadaye maji yakawafikia huko huko. Yeye mwenyewe hakufa kwa maji, alikufa siku chache kabla, kwa uchungu wa moyo. Katika wote akaokoka mwanamume mmoja tu. Alijificha katika pango la mlima, akawa samaki maji yalipojaa, akawa tai yalipoanza kupungua, kisha mwewe, akaishi maelfu ya miaka ili awepo mtu wa kusema ilivyokuwa.

Nilikuwa nimeacha kukunja shuka. "Baba," nikasema, "lakini yule mzee alikuwa mwenye haki."

"Alikuwa," akajibu. "Na mamangu alimkasirikia mpaka kufa. Kila Jumapili alimwombea asamehewe."

Madam aliporudi, viatu mkononi na suruali imelowa hadi magotini, nilimweleza juu juu, kama kichekesho, habari za mjukuu aliyeoka mkate ili apate nafasi safinani. Hakucheka. Alikaa chini pale pale jikoni. Akaniambia hizo ni hadithi za Wakelti, watu wa kale wa kwao, na kwamba wasomi wamezihifadhi kwa namna nyingine, ila huo mkate hajawahi kuusikia popote. Ulikuwa wa nyanyake, ambaye alikufa kabla yeye hajazaliwa. Babake alimlea kwa majedwali ya hesabu. Hadithi aliziona mambo ya wanawake wa jikoni.

"Sista, hajawahi kunisimulia kitu," akasema. "Hata mara moja. Mimi nikirudi huwa ameshachoka, hanijui vizuri. Wewe ndiye upo saa zake nzuri. Niandikie. Vile vile anavyosema, neno kwa neno."

Nikasema nitaandika. Na niliandika. Baba alisimulia mara nne katika wiki mbili, kila mara baada ya chai ya alasiri, kwa maneno yale yale na kwa kuvuta pumzi mahali pale pale, nami nikawa nanakili kwa penseli nyuma ya karatasi za zamani za kupimia presha. Aliporudia mara ya tatu nilikuwa tayari naweza kuisema pamoja naye. Siku yangu ya mapumziko nikapanda basi hadi Al Sadd kutafuta daftari zuri la jalada gumu, maana kazi safi haitaki karatasi za presha. Nilichagua la kijani kwa muda mrefu hata muuzaji akadhani naolewa.

Ijumaa, siku ya mapumziko huku, ndiyo siku yetu ya ibada. Nilibeba zile karatasi kwenye mkoba, na baada ya ibada nikamwonyesha mama wa ushirika. Yeye hufanya kazi katika nyumba moja huko Umm Salal, na ndiye anayetuongoza katika maombi. Nilitaka asifu mwandiko. Alisoma akiwa amesimama kivulini, midomo ikitembea.

"Haki ya nani, dadangu, hii umeandika na mkono yako?"

"Ni stori tu, mama. Za kwao."

"Stori tu? Mtumishi wa Mungu anafungia mjukuu wake nje, alafu sanamu ndiyo inampea ushauri, alafu mtu anageuka samaki?" Akanirudishia karatasi akizishika kwa ncha za vidole. "Na huyo mzee si uliniambia yuko karibu kwenda?"

"Yuko mgonjwa, ndiyo."

"Sasa unataka aende na hiyo mdomoni? Na wewe ndio karani?"

"Lakini madam amesema niandike vile anasema."

"Sawa. Mimi sisemi kitu, mpendwa. Wacha roho ikuongoze tu."

Sitamtupia yeye lawama. Alikuwa na tumbo la njaa na basi la kurudi, akasema lililomjia. Mimi ndiye niliyelibeba neno lake hadi Al Wukair, nikalala nalo, na kulipokucha nikawa nimeshaamua. Niliona wazi kabisa kwamba hapa pana kosa, na kosa nikiliona siwezi kulipita.

Jumamosi, Baba alipolala baada ya chakula cha mchana, nilikaa kwenye meza ya jikoni na lile daftari la kijani. Nikaandika kurasa sita bila kufuta hata herufi. Mjukuu alioka mkate, ndiyo, hilo nililiacha, lilikuwa zuri. Akabisha. Mzee wa safina akafungua mlango, akamkumbatia mjukuu wake, wakaula mkate pamoja. Sanamu nikaliondoa. Wale wanawake hamsini nikawafanya waumini. Yule aliyekuwa samaki na tai akaokoka kwa neema tu, akiwa na miguu yake miwili, akashukuru. Nilipomaliza niliisoma tena nikaona imetulia, kila mtu yupo ndani, hakuna anayelowa. Kisha nikazichana zile karatasi za penseli, nikazitia kwenye mfuko wa glavu zilizotumika, nikaufunga mafundo mawili.

Baba mwenyewe alikuwa amelala na rozari mkononi, ile aliyoisugua shanga hadi zikapoteza rangi. Kila mwezi padri alimletea komunyo, naye aliipokea akitetemeka. Huyo ndiye niliyekuwa naiokoa roho yake.

Madam alisoma akiwa amesimama karibu na friji. Alipofika mwisho alikuwa akilia. "Sikujua nyanya yangu alikuwa na moyo laini hivi," akasema. "Baba alikuwa akisema ni mwanamke mkali." Akanikumbatia. Nami, na hapa ndipo aibu ilipoanza kunitambaa mgongoni, nikamwambia, "Karibu, madam," kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi nzuri.

Nilijifariji kwamba Baba bado anasimulia. Siku moja madam atawahi nyumbani mapema, atasikia mwenyewe, na lile daftari litakuwa tu namna nyingine ya kusema. Nilikuwa nimeshaanza kujitungia maelezo. Wiki ya tatu, Baba akapata kiharusi.

Alirudi kutoka hospitali bila usemi. Upande wa kulia haukuwa wake tena. Alisikia kila kitu na alielewa, hilo niliweza kuliona kwenye macho, lakini kilichotoka mdomoni kilikuwa pumzi. Mkono wa kushoto ulibaki.

Jumamosi moja madam akaja chumbani na daftari la kijani. "Msomee wewe, sista," akasema. "Sauti yako ameizoea. Mimi nitalia tu."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema amechoka. Nilipokea daftari, nikaketi, nikaanza. Baba alifumba macho, na uso wake, ule upande uliobaki hai, ulilegea kwa raha alipousikia mkate. Madam alikuwa amemshika mguu juu ya blanketi. Nikafika mlangoni. Nikasoma kwamba mzee wa safina alifungua, akamkumbatia mjukuu wake.

Baba akafumbua macho.

Mkono wa kushoto ukainuka taratibu, ukatua juu ya ile meza ndogo ya kitandani, na kwa kifundo cha kidole akagonga. Mara tatu. Akangoja, akinitazama. Akagonga tena mara tatu.

"Ana nini?" madam akauliza.

Nilijua ana nini. Niseme ukweli, kwa kuwa sikuusema pale: nilijua tangu pigo la kwanza. Alikuwa akiniambia kwamba yule mjukuu alibisha. Alikuwa hana kitu kingine cha kusemea ila kidole kimoja na ubao, na kwa hicho alikuwa akirudisha hadithi ya mamake mahali pake. Na mimi, nesi wa miaka kumi na minne, niliyefundishwa kusoma uso wa mtu asiyeweza kusema, nikamgeukia binti yake na kusema, "Nadhani ni maumivu, madam."

Baba akatikisa kichwa. Akagonga kwa nguvu zaidi. Nikaendelea kusoma na kupandisha sauti. Akagonga. Nikafunga daftari na kuanza kumwimbia tenzi, ile ya polepole ambayo huwaimbia wagonjwa wote wanapohangaika, na madam, ambaye hakujua maneno, akaifuata kwa kuguna. Tuliimba sote wawili juu ya kile kidole. Kisha madam akauliza kama tumpe matone ya kutuliza ambayo daktari alituachia, nikasema ndiyo, nikampa mimi mwenyewe. Alinitazama mpaka kope zikaanguka.

Niliandika ripoti. Saa tisa na dakika kumi alasiri. Mgonjwa ana fadhaa, anagonga meza, dalili za maumivu. Amepewa dawa. Ametulia. Hakuna kosa la tahajia hata moja.

Nikaenda kunawa mikono. Nilikuwa nimefika katikati, sabuni hadi kwenye viwiko, ndipo nikakumbuka waliomo ndani ya safina walifanya nini mjukuu alipobisha mara ya tatu. Nilizima maji. Nilisimama pale muda mrefu, mikono ikinikaukia na sabuni.

Daftari nikaliweka juu ya kabati, na madam alipoliuliza nilisema linamchosha. Baba hakugonga tena. Nilimgeuza, nikamwosha, nikamlisha uji kwa kijiko kidogo, akafungua mdomo kila nilipomwomba. Ila alikuwa akitazama dirisha. Nilimwambia mara mbili, tukiwa peke yetu, "Baba, nisamehe, nitalirekebisha," na hata nilipokuwa nikilisema neno hilo lilinichefua. Hakunigeukia. Siwezi kusema kama alisikia. Alifariki asubuhi moja kabla ya chai, siku ya kumi na moja tangu nilipomwimbia, nami ndiye niliyemwosha.

Mtu atauliza kwa nini sikumwambia madam siku zile za msiba. Nimejiuliza kuliko mtu yeyote. Kibarua hakikuwa sababu, kilikuwa kimeisha. Huruma nayo ilikuwa nusu tu. Sehemu kubwa ilikuwa kwamba madam aliniamini, aliniita mkono wake wa kulia mbele ya wageni, nami nililipenda jina hilo. Na palikuwa na jambo jingine, baya zaidi. Nikimsimulia hadithi kama ilivyo, itabidi nifike kwenye zile nyimbo. Naye aliimba.

Alimsafirisha babake kwao. Mimi nikapata mgonjwa mwingine, bibi mmoja mkorofi wa Al Sadd, katika ghorofa iliyo juu ya maduka. Baada ya wiki mbili madam akanipigia kwa video kunishukuru. Nyuma yake kulikuwa na dirisha lenye ukungu na majani mabichi mno. Alisema walizika vizuri. Alisema aliwasomea waombolezaji kutoka lile daftari, na kila mtu alifarijika, hata padri aliomba nakala.

"Ni shangazi yangu tu," akasema. "Dada yake Baba. Ana miaka tisini na anakaa katika nyumba ya wazee. Nilipokuwa nasoma aliinua fimbo yake, akasema mbele ya watu wote, sivyo, hawakumfungulia. Alirudia. Tukamwambia polepole, shangazi, umesahau, Baba mwenyewe ndiye aliyesimulia, imeandikwa hapa. Basi akanyamaza. Hakusema neno mpaka chakula kikaisha." Akatabasamu kwa huzuni. "Uzee, sista. Wewe unajua."

Nilisema, "Pole, madam."

Ijumaa hiyo nilimwendea mama wa ushirika nikamwambia yote, nikitumaini nusu ya mzigo ni wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka mkono kifuani. "Ngoja, ngoja. Mimi nilisema roho ikuongoze. Nilisema ubadilishe?" Hakusema. Nikarudi na mzigo wangu mzima.

Kilichonishinda ni yule shangazi. Baba nilimnyamazisha chumbani, tukiwa watatu. Huyu alinyamazishwa mbele ya ukoo wake wote, kwa mwandiko wangu, na yeye ndiye mtu wa mwisho duniani aliyeisikia hadithi hiyo ikitoka kwenye kinywa cha mamake. Akifa, nitabaki mimi. Niliwaza hivyo nikimchania nywele bibi wa Al Sadd. Mimi, niliyekuwa nimemfuta yule samaki, mtu mmoja aliyebaki peke yake akibeba kila kitu.

Siku ya nne nikapiga moyo konde. Bibi alikuwa amesinzia mbele ya televisheni. Nikaenda kwenye ngazi za dharura, ambako hakuna kiyoyozi na jasho linakushuka hata ukiwa umesimama tu, nikampigia. Nilimwomba azime video. Nikamwambia kwamba shangazi hakusahau. Nikamwambia nilichobadilisha, kimoja kimoja, ila zile nyimbo tu, mpaka waumini hamsini, na zile karatasi nilizozichana, na mfuko nilioutia.

Nilisikia saa ya ukutani kwao.

"Siku ile," akasema. "Alipokuwa akigonga meza. Hakuwa na maumivu?"

"Hakuwa, madam."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Nilimsikia akivuta kiti, kisha akisogeza kitu juu ya meza, kikombe labda.

"Unaikumbuka? Yote?"

"Neno kwa neno."

"Kesho nakwenda kwa shangazi. Nataka niende nikiwa nayo." Sauti yake ilikuwa kavu, ya mwalimu. "Sema. Anzia mlangoni."

Nikaegemea ukuta. Nikaanza kwa maneno ya Baba, nikivuta pumzi pale alipokuwa akivuta. Aproni, mkate ungali moto. Alibisha, mzee wa safina akasema pamejaa. Alibisha tena, akasema hamjui. Na nilipofika hapo nikaona mbele yangu njia ya kulipita lile la tatu. Ilikuwa rahisi sana. Ningesema tu kwamba hawakujibu. Hakuna ambaye angejua, na yeye angelala usiku. Nilihisi ulimi ukianza kulinyoosha neno, vile mkono wangu unavyokwenda kwenye picha iliyopinda.

"Akabisha mara ya tatu," nikasema. "Na waliomo ndani wakaanza kuimba. Wakapandisha sauti, ili wasimsikie."

Nilisikia pumzi yake ikikatika, kisha ikarudi kwa vipande.

"Mimi sikujua hata maneno," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Niliguna tu."

"Najua, madam."

"Endelea, sista."

Nikaendelea. Alisimama pale mpaka mkate ukapoa kwenye tumbo lake.